Jembe la Siku ya Msiba

Sauti ya karanga zikimenywa bado siiwezi. Sisemi karanga za mtu mmoja anayejimenyea mlangoni mwake. Nasema zile za wanawake wengi waliokaa mkeka mmoja mvua zinapoanza, wanatayarisha mbegu, na maganda yanalia tak, tak, tak, kama matone ya kwanza kwenye majani makavu. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi. Jua lilikuwa limefika utosini. Nilisimama mbele ya mkeka wa namna hiyo, uwanjani kwa mwanangwa Mihambo, pumzi zimenikatika kwa kukimbia, na nilikuwa nimekwisha kusema maneno yangu mara tatu: mama anajifungua, mtoto amekwama, baba hayupo. Wanawake walikuwa saba. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Mama Shija, mkunga, ambaye mwezi uliopita tu alimpapasa mama tumbo na kumwambia mtoto amekaa vizuri, alichukua karanga nyingine akaiminya kwa kidole gumba. Tak. Mihambo mwenyewe, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa kijiji, maana mwanangwa ndiyo kazi yake hiyo, alikuwa kwenye kigoda chake barazani. Ndiye peke yake aliyefungua kinywa. "Mwambie baba yako alete mbuzi kwanza," alisema, na sauti yake haikuwa hata ya ukali. "Mbuzi akifika, watu watafika."

Nitafika tena hapo, lakini kwanza niseme tulivyofika sisi. Mimi sikusoma sana. Nilipata madarasa mawili, na mengine nimeyaokota ukubwani katika masomo ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo anayetaka maneno ya mapambo asiyatafute kwangu. Kijiji sikitaji jina. Kilikuwa kati ya Kwihara na Itetemia, anayekijua atakijua. Kijiji chenyewe hakina kosa. Waliokosa ni watu, na watu wana majina.

Tulitoka Urundi, wakati huo huku kukitawala Mwingereza na kwetu Mbelgiji. Baba alitangulia kuja kufanya kazi ya kutengeneza reli, na huko relini ndiko alikojuana na Maganga, Mnyamwezi mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, wakalala hema moja miaka miwili. Maganga ndiye aliyemwambia, "Kwenu mmebanana milimani kama njugu kwenye ganda. Njoo kwetu, ardhi inamngoja mtu." Baba akarudi kutuchukua, mama na mimi. Tulitembea mpaka Kigoma, tukapanda gari moshi, na tuliposhuka Tabora mama alikuwa na mimba ya miezi mitatu na vichipukizi vitatu vya mgomba alivyovifunga kwenye kitambaa kibichi. Kutoka mjini tulifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyokanyagwa na wapagazi mpaka ikawa kama mfereji, na miembe iliyoota njia nzima kwa kokwa walizotupa wao. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Hewa ilikuwa na harufu ya mtama unaopurwa, vumbi tamu linalokaa kooni, na moshi wa miti ambayo sikuijua. Kwetu moshi haukunuka vile. Nilimshika mama nguo nikamwambia, "Hapa pananuka mkate." Mkate nilikuwa nimeuona mara moja tu, kituoni Kigoma.

Maganga alitupeleka kwa Mihambo, maana huko mgeni haji peke yake, sharti awe na mwenyeji. Mihambo alitutazama, akamtazama mama tumbo, akatupa kiwanja ng'ambo ya mbuga, mbali kidogo na wengine kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Akatoa na neno ambalo wakati ule lilinifurahisha: "Mgeni akikosa, nitaanza kumuuliza mwenyeji wake." Maganga akacheka akasema, "Huyu ni ndugu yangu, mwanangwa. Akikosa nichape mimi." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja hata hiyo ya tatu. Wanaume walikuja na shoka, wakakata miti, wakasimamisha nyumba, wakaikandika, na jioni wanawake wakaleta ugali wa mtama na mlenda. Mama aliuingiza mlenda mdomoni ukamponyoka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu Kigoma.

Nikisema ile miezi sita ilikuwa mitamu kuliko yote niliyoishi, sidanganyi. Ndilo linaloniuma. Mtu akikufanyia ubaya siku zote unamzoea, lakini hawa walitupenda kwanza. Watoto walinipa jina la Karundi siku ya pili, na mama akawa Mama Karundi kwa kijiji kizima. Waliniweka katikati wakaniuliza, "Wewe Karundi, kwenu asubuhi mnakula ndizi, mchana ndizi. Jioni je?" Nikawaambia, "Jioni maganda." Nyamizi, binti yake Maganga, alianguka chini kwa kucheka, na tangu saa ile alinishika mkono hakuniachia. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga goti na kusema mwangaluka kwa wakubwa asubuhi, na kutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa kuua. Kinyamwezi kiliniingia kama maji kwenye mchanga. Mama kilimpa shida, akawa anachanganya cha kwao na cha huku na Kiswahili cha relini, na watu wakamwelewa kwa mikono.

Mwezi wa sita ulipofika, wanawake wote walipanda kwenye majabali na vikapu vya viazi vitamu. Ilikuwa baridi ya asubuhi, ile ya Unyamwezi inayokausha midomo, na jiwe chini ya miguu bado limehifadhi ubaridi. Walikaa wakimenya na kukata viazi vyembamba, wakavianika juu ya mwamba, na kufika mchana jabali zima lilikuwa jeupe kama limeangukiwa na maua. Hiyo ndiyo michembe, chakula cha kuvukia njaa. Mama hakuwahi kuifanya, lakini kisu kilimtii. Mama Shija alishika kipande kimoja, akakiinua juani, akaona mwanga ukipita. "Mrundi huyu ana mkono," alisema. "Nyie wengine mnakata matofali." Ndiye huyo huyo Mama Shija. Siku hiyo hiyo alimlaza mama pale jabalini, akampaka mafuta tumboni, akamwambia mtoto wa kiume huyo, anapiga teke kama mtu anayedai njia. Kwa mbali gari moshi likapiga honi. Mama akasikiliza. "Hilo linakwenda kwetu," aliniambia. Nikamuuliza amejuaje, na reli ina pande mbili. "Najua," akasema, akaendelea kukata.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja na ngurumo kavu, ardhi ikatoa ile harufu ambayo mtu angetamani kuila. Kumbikumbi walitoka, tukawakamata kwa ungo tukawakaanga bila mafuta. Baba akaingia shambani akalima kama kwao, akifukua ardhi sawasawa bila kuinua kitu. Maganga alipita na wanaume wawili wakasimama. "Baba Karundi," aliita, "unalima au unamkwangua mtu mgongo?" Wote wakacheka, lakini hawakuondoka mpaka wamemwonyesha kuinua matuta, majani yakifukiwa chini na udongo juu. Walilima naye mpaka jua likashuka. Baba alikuwa mtu wa kujivunia kazi. Kesho yake alianza kabla ya wengine, na kesho kutwa hivyo hivyo. Alitaka waje waone matuta yake yamenyooka kuliko yao.

Sasa sikilizeni desturi moja ya kule, maana hapo ndipo maisha yetu yalipovunjikia. Mtu akifa kijijini, siku hiyo jembe halishikwi. Wanaume wanakwenda kuchimba kaburi, wanawake wanapeleka maji, unga na kuni, na asiyefika bila sababu amewatukana wafiwa na kijiji kizima. Kwetu milimani kila ukoo huzika wake, na jirani huja anapoweza. Mwaka ule, tangu tufike, hakuwa amekufa mtu mzima, kwa hiyo hatukuwa tumeona. Alfajiri moja akafariki bibi mmoja, shangazi yake Mihambo. Kilio hatukukisikia, upepo ulivuma kwenda kwao na mbuga ilikuwa katikati. Mihambo akamtuma Maganga, kwa kuwa ndiye mwenyeji wetu, apite kutuambia.

Mimi nilikuwa juu ya kichuguu, nafukuza kwale wasifukue mbegu. Nikamwona Maganga anakuja na njia, anasukuma baiskeli yenye madebe mawili ya asali. Alinikuta akasimama. "Karundi, wewe ndiye unayefukuza ndege, au ndege ndio wanakufukuza?" Nikacheka. Halafu akamtazama baba, aliyekuwa amegeuza mgongo analima, mwendo wa kurusha jiwe tu. Akamtazama kitambo. Nilidhani anahesabu matuta. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake upande wa mjini. Mpaka naandika haya naliona shati lake, la khaki, limelowa kwapani. Ukubwani nimekuja kuelewa. Alikuwa na mnunuzi anamngoja, na naye hakuruhusiwa kufanya biashara siku ya msiba. Angesimama kumwambia baba, baba angeuliza, "Na wewe mbona unakwenda mjini?" Basi akapita, akauza, akarudi saa ya mazishi akashika sepetu kama wenzake. Watu wakauliza Mrundi yuko wapi. Mmoja akasema amemwona kwa macho yake, analima.

Matanga yalipokwisha baba aliitwa. Nilimfuata. Maganga alisimama mbele ya watu akasema, "Mimi nilipita nikawaambia. Wakanijibu wana shamba la kumaliza." Baba aligeuka taratibu akamtazama. "Maganga," alisema, "tumelala hema moja." Maganga akatazama kofia yake. Mimi nikapaza sauti kwamba alipita hakusema kitu, mimi nilimwona. Mihambo akaniambia nikae chini, mtoto wa mgeni hashuhudii. Faini ikawa mbuzi mmoja, aliwe na kijiji. Hapo baba alikosa, na yeye simfichi. Alisema, "Kama ni kosa langu la kutojua, nitalipa. Kwa uongo wa mtu silipi." Angelipa, ingekuwa aibu ya siku moja. Mihambo akatamka kwamba tumetengwa.

Kutengwa si kupigwa. Hakuna aliyetugusa. Mama alikwenda kisimani, wanawake wakachukua mitungi yao, iliyojaa na isiyojaa, wakaondoka. Moto ulizimika, hakuna aliyetupa kaa. Nilimwamkia mtu mwangaluka, akapita kama nimeamkia mti. Nyamizi tulipishana njiani akatazama vidole vyake vya miguu. Lakini siku ya nne nilikuta juu ya kichuguu changu jani limekunjwa, ndani yake michembe na chumvi kidogo. Na siku ya saba tena. Sikuwahi kumwuliza Nyamizi kama ni yeye. Ndani ya nyumba mama alimsihi baba kila siku. "Lipa, baba wa mtoto. Huo ukweli wako hautanizalisha." Baba alichukua jembe akatoka. Siku ya kumi na moja, asubuhi, uchungu ukamshika mama, na baba akatoka mbio kwenda Itetemia kutafuta mtu wa kumuuzia mbuzi.

Kilichofuata nimekwisha kukisema. Nilikwenda kwa Mama Shija sikumkuta, nikamkuta kwa Mihambo pamoja na wenzake, na nilijibiwa nilivyojibiwa. Nilirudi. Mama alikuwa ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Aliuliza, "Wanakuja?" Nikamwambia wanakuja. Uongo huo ni wangu, na nitaulizwa juu yake. Nilimfuta uso kwa maji, nikamshika kiuno kama nilivyowahi kuona, nikaimba vitu visivyo na maana. Kivuli cha nyumba kilikuwa hakijafika kwenye kinu uani alipoacha kushika nguzo. Mtoto hakutoka.

Baba alifika anamvuta mbuzi kwa kamba. Aliona mlango, akaona uso wangu, akapiga yowe moja. Na watu wakaja, wote. Mbuzi alikuwa amefika. Mama Shija alimwosha mama kwa mikono ile ile, akalia machozi ya kweli, sisemi alijifanya. Wanawake walileta maji, unga, kuni. Hakuna aliyeshika jembe siku hiyo kijiji kizima. Maganga alichimba kaburi, akalichimba kwa bidii kuliko wote, akatoka jasho. Kisha mbuzi akachinjwa akaliwa, kwa kuwa faini imelipwa na sasa sisi ni wenzao tena. Baba alipewa nyama, akaishika mkononi mpaka ikapoa.

Hatukukaa. Baba alinipeleka Ng'ambo, mtaa wa mjini Tabora, kwa Bi Zuhura, mjane wa Kimanyema aliyeshona kofia na kuuza ugoro, akaniacha hapo akaenda mashamba ya mkonge huko mashariki, na mpaka leo sijui udongo uliompokea. Kwa Bi Zuhura walikuwa wakija vikongwe wa Kinyamwezi kununua ugoro, na siku moja, nimeshakuwa msichana mkubwa, nikawasimulia. Mmoja aliacha kunusa. "Mwanangu," akasema, "aliyetengwa hunyimwa salamu na pombe. Mwanamke mwenye uchungu hatengwi. Tangu lini? Hata mke wa mchawi huzalishwa." Usiku ule sikulala, maana miaka yote nilikuwa nimeilaumu desturi. Kumbe desturi ilikuwa upande wetu. Mihambo aliijua. Mama Shija aliijua. Walichagua.

Sasa mimi ni mtu wa makamo, nina watoto wanne ambao ukiwaita Warundi watakucheka. Wanasema Kinyamwezi cha kunizidi. Kile kijiji hakipo. Watu walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na nyumba zetu za udongo zimekuwa vilima vya nyasi. Zamani mgeni alikuja na mwenyeji wake na mgomba wake mkononi. Siku hizi watu wa kwetu wanakuja kwa malori, wamejaa, wanashushwa porini wakiwa na sufuria na hofu. Nikipata nafasi nawapelekea michembe. Nawaambia jambo moja tu: kabla hujauliza maji yako wapi, uliza hapa mtu akifa watu hufanyaje. Wananiona mwanamke wa ajabu. Lakini nikifumba macho na kuona jabali jeupe kwa viazi, na mama anacheka na kisu mkononi, bado natamani kurudi kuishi mle mle, mwezi ule ule wa sita, na watu wale wale. Aisifuye mvua imemnyeshea. Mimi ilininyeshea, na ikanizamisha.

Mihambo amekufa. Mama Shija amekufa; hao wameitwa kwa mkubwa wao. Maganga yu hai. Nasikia ndiye balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya, na wageni wakiletwa, ndiye anayewapokea na kuwaonyesha mahali pa kujenga. Mwezi uliopita Nyamizi alinijia hapa Ng'ambo. Alisikia ninaandika. Tulishikana tukalia kidogo, halafu akasema, "Karundi, dada yangu, ya kale yameshapita. Mzee wangu ni mzee sasa. Mwache afe salama." Nikamuuliza, "Alikwambia alitupa habari au hakutupa?" Akatazama chini. "Hajawahi kusema," akajibu. "Mama alimuuliza mpaka akachoka kuuliza."

Basi namuuliza mimi. Sitaki fidia yako, Maganga, wala sitaki uje kupiga magoti. Wewe hukumuua mama kwa mkono, hilo nalijua. Nataka siku ya mkutano, mbele ya hizo nyumba kumi na wageni uliowapokea, usimame useme asubuhi ile ulimwambia baba nini, na kama hukumwambia, kwa nini ulikubali tutengwe siku kumi na moja na wewe unapita njia hiyo hiyo. Ukishindwa kuja Ng'ambo, nipe siku, nitakuja mimi. Jibu lako nataka nilisikie kinywani mwako. Usimtume binti yako tena.